Jaribio Lisiloweza Kufeli Halilindi Kitu

Wenzangu wanaprogramu, wapimaji wa programu, na ninyi mnaosimamia miradi, asanteni kwa kufika.

Naomba kila mmoja akumbuke jaribio moja lililomo kwenye mradi wake, yaani kile kipande kidogo cha programu kinachokagua kama sehemu nyingine inatoa jibu sahihi, halafu ajiulize: mara ya mwisho jaribio hili kufeli ilikuwa lini, na lilifelishwa na kosa gani? Kama hakuna anayejua, basi hakuna anayejua pia kama jaribio lenyewe linafanya kazi. Kila siku tunaona safu ndefu za alama za kijani na kuzichukua kuwa ushahidi kwamba programu ni nzima. Kijani kina maana moja tu: hakuna sharti lililoandikwa kwenye jaribio lililovunjwa. Sharti likiwa legevu, au data ikiwa haigusi mahali penye kosa, kijani hicho ni mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo nitazipitia mbinu za upimaji kwa kipimo kimoja: mbinu hii inakamata kosa la aina gani, na kosa gani linaiponyoka?

Kujaribu kila kitu haiwezekani, na hesabu yake ni fupi. Chukua funksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi moja, inayojumlisha namba mbili kamili za biti 32. Michanganyiko ya data yake ni 2 kwa kipeo cha 64. Kompyuta inayofanya majaribio bilioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 580 kuyamaliza, na hapo ni kujumlisha tu. Kazi ya mpimaji basi ni kuchagua, na uchaguzi wake ndio unaotenganisha kazi nzuri na mbaya.

Tutazame mfano mdogo kwa karibu. Mfumo wa mauzo una masharti haya: oda ya vipande 1 hadi 9 haina punguzo, 10 hadi 49 inapata punguzo la asilimia 5, 50 hadi 100 inapata asilimia 10, chini ya 1 au zaidi ya 100 inakataliwa. Mwanaprogramu anaandika funksheni, kisha anaandika majaribio matano, akitumia idadi za -3, 5, 20, 70 na 150. Hakubahatisha. Amezigawa namba zote katika makundi matano ambayo programu inapaswa kuyatendea sawasawa, akachukua mwakilishi mmoja kutoka kila kundi. Kila mstari wa msimbo, yaani maandishi ya programu, umepitiwa, kila tawi la uamuzi limepitiwa pande zote mbili, na ripoti inasema asilimia 100.

Sasa tuseme alipotakiwa kuandika "idadi >= 10" aliandika "idadi > 10". Yaani "kuanzia 10" imekuwa "zaidi ya 10". Yakimbize majaribio yote matano. Oda ya 5 haina punguzo, sahihi. Oda ya 20 ina asilimia 5, sahihi. Nyingine nazo sahihi. Kosa limo ndani, asilimia 100 imo kwenye ripoti, na hakuna kilichogeuka chekundu. Namba pekee inayoweza kulifichua ni 10 yenyewe. Na watu wataagiza vipande 10 kamili, wala si kwa nadra, kwa sababu punguzo lenyewe ndilo linalowavuta hapo.

Ndiyo maana tunapima mipakani. Kwa masharti haya, namba zinazostahili ni 0, 1, 9, 10, 49, 50, 100 na 101: kila mpaka unapimwa kutoka pande zote mbili. Majaribio manane badala ya matano, na karibu kila kosa la kuchanganya "zaidi ya" na "kuanzia" linaonekana. Makosa hujazana mipakani kwa sababu hapo ndipo mtu anapoamua kati ya alama mbili zinazofanana, na mara nyingi anaamua akiwa amechoka.

Kupima mipaka kuna faida nyingine isiyosemwa vya kutosha. Soma tena masharti: "1 hadi 9", kisha "10 hadi 49". Bidhaa ikiuzwa kwa kilo, oda ya 9.5 iko wapi? Haipo kundi lolote. Hilo si kosa la msimbo, ni pengo katika masharti, na mpimaji amelikuta kabla ya mstari mmoja wa programu kuandikwa. Kosa linalokutwa kwenye karatasi linasahihishwa kwa swali moja kwa mwenye masharti. Likikutwa mwezi mmoja baada ya mfumo kuanza kutumika, unasahihisha msimbo, unasahihisha hifadhidata, na unarudi kwa watu waliokwisha kutozwa kiasi kisicho sahihi.

Ipo pia mipaka ambayo haikuandikwa popote kwenye masharti lakini imo ndani ya mashine. Namba kamili ya biti 32 yenye alama, yaani inayoweza kuwa chanya au hasi, inaishia 2,147,483,647. Mifumo inayohesabu sekunde kuanzia 1970 kwa namba ya aina hiyo itafika mwisho wake tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 kwa saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, wenye siku 366; 2100 hautakuwa. Tarehe zinastahili uangalifu wa pekee, na kujaribu 29 Februari peke yake hakutoshi. Tarehe 31 Desemba 2008 vichezeo vya muziki vya Zune 30 vya Microsoft viliganda. Msimbo uliobadilisha idadi ya siku kuwa mwaka ulikuwa na mzunguko unaoendelea maadamu siku ni zaidi ya 365. Ndani yake, kwa mwaka mrefu, siku zilipunguzwa tu kama ni zaidi ya 366. Siku ya 366 yenyewe haikuwa na njia ya kutoka, mzunguko ukazunguka bila kikomo. Februari ilipita salama, na mpaka uliosahaulika ulikuwa siku ya mwisho ya mwaka. Alama iliyokosewa ni ileile ya mfano wetu wa oda.

Nirudi kwenye ile asilimia 100, kwa sababu imeleta madhara mengi mikononi mwa watu wenye nia njema. Kipimo cha msimbo uliopitiwa kinasema mstari umekimbizwa. Hakisemi kama kuna mtu aliyekagua matokeo yake. Timu ikiambiwa ifikishe asilimia 80 kabla ya mwisho wa mwezi, itafika, na baadhi ya majaribio yatakayoandikwa yataita funksheni bila kukagua jibu lolote. Kipimo hiki ni kizuri sana kikisomwa kinyumenyume: kinakuonyesha mahali ambapo hakuna jaribio lililokanyaga kabisa. Februari 2014 Apple ilitoa sahihisho la hitilafu ya usalama katika uhakiki wa miunganisho iliyosimbwa. Mstari mmoja unaoiamuru programu iruke hadi sehemu nyingine, "goto fail", ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Wa pili haukuwa chini ya sharti lolote, kwa hiyo hatua ya mwisho ya kuhakiki saini haikufikiwa kamwe, na jibu lilirudi kama vile yote ni sawa. Ripoti ya mistari isiyopitiwa ingeonyesha mistari iliyo chini ya kosa hilo ikiwa haijaguswa, hata majaribio yawe mangapi. Kwa hiyo soma yaliyobaki bila kupitiwa, uulize kwa nini, na usiigeuze asilimia kuwa maksi za mtihani.

Tutajuaje basi kama majaribio yetu yana meno? Kwa kuharibu msimbo makusudi. Mbinu hii ina mizizi katika miaka ya 1970. Makala ya watafiti DeMillo, Lipton na Sayward ya 1978 ndiyo iliyoipa umbo. Unafanya hivi: chukua msimbo unaofanya kazi, badilisha kitu kimoja kidogo, kimbiza majaribio yote, tazama. Geuza ">=" kuwa ">". Geuza "na" kuwa "au". Fanya 5 kuwa 6. Futa mstari mmoja. Rudisha sifuri badala ya jibu. Kila badiliko linafanywa peke yake, kisha msimbo unarudishwa ulivyokuwa. Kama kuna jaribio lililogeuka jekundu, vizuri. Kama yote yamebaki ya kijani, umepata mahali ambapo kosa la kweli lingeweza kuishi bila kuonekana. Zipo zana zinazofanya kazi hii zenyewe: PIT kwa lugha ya Java, Stryker kwa JavaScript, mutmut kwa Python.

Gharama yake lazima isemwe wazi. Majaribio yakichukua dakika 2, na zana ikitengeneza mabadiliko 300, hizo ni dakika 600, saa 10 za mashine. Kwa hiyo ielekeze kwenye msimbo uliobadilika wiki hii tu, na ikimbize yale majaribio yanayougusa mstari husika. Anza na sehemu inayohesabu fedha, ruhusa au tarehe. Pia baadhi ya mabadiliko hayawezi kukamatwa na jaribio lolote: kwa namba kamili, "zaidi ya 9" na "kuanzia 10" ni kitu kimoja. Ukiyakuta hayo, yaandike kando na uendelee. Anayekimbilia kuyamaliza yote atapoteza siku nzima bila faida.

Na usiye na zana usingoje. Kabla ya kuwasilisha msimbo wako, haribu mistari mitatu kwa mkono na uone nini kinageuka. Ni kazi ya dakika tano. Nawaomba sana mtu asiondoke hapa bila kuazimia kuijaribu.

Sasa swali gumu kuliko yote katika fani hii: jibu sahihi linatoka wapi? Tunaandika "tarajia 47.5", lakini nani alisema 47.5? Kuna njia mbili mbovu zilizozoeleka. Ya kwanza ni kukokotoa jibu ndani ya jaribio kwa kanuni ileile iliyomo kwenye msimbo. Kanuni ikiwa mbovu, pande zote mbili zinakosea pamoja na kukubaliana. Ya pili ni kukimbiza programu, kunakili ilichotoa, na kukibandika kama jibu linalotarajiwa. Hapo umeandika kumbukumbu ya programu inavyofanya leo, makosa yakiwemo. Kumbukumbu hiyo ina matumizi yake, hasa unapotaka kupanga upya msimbo wa zamani bila kubadilisha tabia yake, ila usimwambie mtu kwamba umethibitisha usahihi. Jibu linalotarajiwa litoke kwenye masharti, likokotolewe kwa mkono, na kwenye jaribio liandikwe kama namba tupu ambayo msomaji anaweza kuikagua mwenyewe. Kwa fedha, zingatia pia namba za desimali za kompyuta: katika lugha nyingi za programu 0.1 kujumlisha 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Hesabu fedha kwa namba kamili za sarafu ndogo kabisa, au kwa aina ya desimali iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na jaribio lako likague mabaki ya kukadiria yanakwenda wapi.

Jibu kamili lisipojulikana, mara nyingi sifa za jibu zinajulikana. Wazo hili lilienea kupitia QuickCheck, zana iliyotolewa na Koen Claessen na John Hughes mwaka 2000. Badala ya kuandika mifano kumi, unaandika sharti linalopaswa kuwa kweli kwa data yoyote, na zana inazalisha data mia moja au elfu. Ikipata inayofelisha, inaipunguza hadi ibaki mfano mdogo kabisa unaosomeka. Kwa funksheni ya kupanga orodha utaandika: matokeo yawe yamepangika kutoka ndogo hadi kubwa. Simameni hapo kidogo. Funksheni inayorudisha orodha tupu inatimiza sharti hilo kila mara! Lazima uongeze: vitu vilivyotoka viwe vilevile vilivyoingia, kwa idadi ileile. Sifa moja pungufu inaruhusu programu isiyofanya chochote ipite.

Kuna pia kuimwagia programu data ya ovyo ili uone kama itaanguka. Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliianzisha kama kazi ya wanafunzi mwaka 1988, na matokeo yaliyochapishwa 1990 yalionyesha kwamba kati ya robo na theluthi ya programu ndogo za mfumo endeshi wa Unix zilizojaribiwa zilianguka au kuganda. Mbinu hii inakamata kuanguka na kuganda. Jibu lenye makosa lililotolewa kwa utulivu inaliacha lipite, kwa hiyo isiwekwe mahali pa zile nyingine.

Niseme juu ya viigizo, maana hapa ndipo timu nyingi nzuri zinapoumia. Kiigizo ni kipande bandia tunachokiweka badala ya hifadhidata, au badala ya mfumo wa watu wengine, ili jaribio liwe jepesi. Tatizo ni kwamba kiigizo kinajibu kama wewe unavyodhani yule mwingine anajibu. Chombo cha Mars Climate Orbiter cha NASA kilipotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa msukumo kwa kipimo cha nguvu ya pauni mara sekunde, na programu iliyopokea ikausoma kama niutoni mara sekunde. Tofauti ni takriban mara 4.45. Kila upande ulikuwa na hesabu inayojitosheleza. Kosa lilikaa katikati. Majaribio ya moduli moja moja, yaani sehemu za programu zikiwa pekee, hata yawe elfu, hayawezi kufika hapo. Unahitaji jaribio linalounganisha pande mbili za kweli, hata kama ni polepole, na unahitaji mkataba wa data ulioandikwa: jina la kila uga (nafasi ya kipande kimoja cha data), aina yake, kipimo chake, na kinachotokea ukiwa mtupu. Kiigizo chako na mfumo wa kweli vyote vipimwe kwa mkataba huohuo, angalau mara moja kwa siku.

Na data ya majaribio ifanane na mahali programu itakapoishi. Roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 4 Juni 1996 na ikaangamia takriban sekunde 40 baadaye. Programu ya kifaa cha kupima mwelekeo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vizuri. Ilikuwa inabadilisha namba ya desimali ya biti 64, inayohusiana na mwendo wa upande, kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haivuki 32,767. Njia ya kurukia ya Ariane 4 haikufikia thamani hiyo. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, namba ikafurika, kifaa kikajizima. Kifaa cha akiba kilikuwa na programu ileile, kwa hiyo kilianguka kwa sababu ileile. Tume ya uchunguzi ilieleza mambo mawili yanayouma: sehemu hiyo ya programu haikuwa na kazi yoyote baada ya Ariane 5 kuondoka ardhini, na kifaa hakikuwa kimepimwa kwa data ya safari ya Ariane 5. "Ilifanya kazi pale" ni maelezo kuhusu pale. Ukihamisha moduli, hamisha nayo orodha ya mipaka yake, kisha uipime kwa data ya makazi mapya.

Nimeombwa niguse majaribio vigeugeu, yale yanayofaulu asubuhi na kufeli mchana bila msimbo kubadilika. Visababishi vyake ni vichache na vinajirudia. Jaribio linasubiri sekunde 2 zilizopangwa badala ya kusubiri tukio lenyewe, seva ikichelewa linafeli. Majaribio mawili yanatumia rekodi moja ya hifadhidata. Moja linategemea lingine kukimbia kwanza. Moja linasoma saa ya mashine na kuvunjika karibu na saa sita usiku au kompyuta ikiwa katika ukanda mwingine wa saa. Kulitambua: likimbize peke yake mara 100, kisha likimbize pamoja na mengine kwa mpangilio wa nasibu, ukiandika namba ya mbegu ya mpangilio huo ili uweze kuurudia. Saa iingizwe kwenye msimbo kama kitu unachoweza kukisimamisha.

Kitu cha hatari ni kubonyeza "kimbiza tena" hadi lifaulu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wakati mwingine jaribio halina kasoro, na kigeugeu ni programu yenyewe, kwa sababu kazi mbili zinashindania data moja. Mashine ya tiba ya mionzi Therac-25 ilihusika katika ajali sita zinazojulikana kati ya 1985 na 1987, na watu walipoteza maisha. Mojawapo ya makosa yake lilijitokeza tu pale mwendeshaji aliporekebisha maelezo ya tiba kwa haraka, ndani ya sekunde 8 hivi ambazo sumaku zilikuwa zinajipanga. Anayechapa polepole hakuliona. Kadiri waendeshaji walivyozoea kazi na vidole vyao vikawa vyepesi, ndivyo kosa lilivyopata nafasi. Jaribio lililofeli mara 1 kati ya 50 linaweza kuwa linakuambia jambo la aina hiyo. Litenge, liandikie jina la mtu mmoja na tarehe ya kulishughulikia, wala usilifute.

Mwisho, hitilafu ikiripotiwa kutoka kwa watumiaji. Ripoti inayofaa ina toleo la programu, kifaa na mfumo endeshi, data halisi iliyoingizwa, hatua moja baada ya nyingine, kilichotarajiwa, kilichotokea, na limetokea mara ngapi kati ya ngapi. "Mara 3 kati ya 20" ni taarifa yenye thamani kubwa. Ukiwa na hayo, usiguse msimbo kwanza. Andika jaribio linalorudia hitilafu. Likimbize kwenye msimbo wa zamani, ulivyo, na ulione likiwa jekundu, tena kwa sababu ile unayoitegemea, si kwa jina la faili lililokosewa. Ndipo usahihishe. Likimbize tena, liwe la kijani. Kisha ondoa sahihisho lako kwa muda na uone likirudi jekundu, ulirejeshe, ukimbize mengine yote. Na ikiwa jaribio lako jipya limekuwa la kijani tangu mwanzo, kwenye msimbo wa zamani, hitilafu hujaipata bado. Rudi kwa aliyeiripoti ukamuulize aliingiza nini hasa.